Kilindo Hakitundikwi Mtini

Mwanangu Maganga,

Ndiyo, nimeanza hivyo, na sikukosea. Wewe mwenyewe ulinipa jina la mama yako siku nilipozaliwa. Ukaniita mayu, yaani mama, kabla sijajua kukaa. Kila asubuhi tangu nipate akili ulisimama mlangoni ukaniamkia, "Shikamoo mayu," nami nikakuitikia, "Marahaba mwanangu," mama aliyenizaa akicheka jikoni. Wageni walidhani ni mchezo wa baba na binti yake. Bibi alisema si mchezo. Alisema mtoto aliyebeba jina la mama yako ana haki ya kukuketisha chini akakusema, hata kama hajaota meno. Mimi meno nimeota, kidato cha nne nimemaliza, na haki hiyo sijaitumia hata mara moja. Leo naitumia.

Umekwenda Kigwa kuwaaga shangazi, na jua bado liko juu. Mama amefunga mizigo. Ameweka karanga, chupa mbili za asali, dawa ya tumbo na sweta, ingawa kila mtu amemwambia Kigoma hakuna baridi. Mambo hayo ameyamaliza yeye, mimi sina la kuongeza. Sitakuandikia ule nini wala ulale saa ngapi. Nataka kukuandikia habari ya kilindo, lile kasha la gome la fidla yako.

Leo asubuhi nilikitafuta. Nilitafuta chini ya kitanda chako, nikatafuta nyuma ya karakana penye mbao za mninga, nikamuuliza mama. Mama akaangalia pembeni akasema, "Kaangalie bandani." Nikaenda banda la kuku. Kuku mweupe alikuwa amelala ndani yake, na chini yake kulikuwa na mayai manne.

Kuku ametaga ndani ya kilindo cha mama yako, baba. Nilichuchumaa pale mlangoni mwa banda na sikulia. Zamani ningelia. Nilihesabu mishono ya bibi kwenye gome, ile ninayoifahamu kwa vidole, na hasira ikapanda polepole mpaka masikioni. Nikamtoa kuku. Nikakisugua kilindo kwa majivu na maji, nikakianika. Sasa nakiona kutoka hapa nilipokaa. Mdomo wake bado ni mweusi pale ulipoungua.

Najua utasema kilikuwa hakina kazi tena, kwa kuwa wale wa kikundi cha muziki cha Kigoma, waliokupa mkataba, wamekutumia kasha jeusi la dukani, lenye zipu na mkanda wa begani. Si kasha baya. Ndani lina kitambaa laini na mahali pa upinde. Ungenyamaza ukalitumia, nisingekuwa na neno. Lakini Jumapili iliyopita ulilifungua mbele ya wanakwaya sebuleni kwetu, ukaligonga kwa vidole, ukasema, "Hili sasa ndilo kasha. Siyo ule mzinga." Wakacheka. Mmoja wao akanigeukia na sinia la chai nimelishika mkononi: "Mama Asali, umesikia mwanao?" Nikaweka chai nikatoka.

Mama Asali. Miezi mitano sasa ndilo jina langu kanisani na sokoni, na wewe umelisikia likiitwa ukatabasamu.

Nianze na yangu, maana mzazi anayeandika makosa ya mwanaye tu hajaandika barua, ameandika mashtaka. Nina makosa matatu.

La kwanza ni nta. Unakumbuka nilivyokuwa kidato cha tatu, masika yale bibi alipokataa kukaa ndani na kifua chake, akasema magome hayasubiri mtu apone? Gome la mti wa mtundu linabanduka mvua zikiwa zimekolea. Ukichelewa linang'ang'ania mti kama ngozi. Alichagua mtundu uliosimama kwenye shamba jipya la jirani, ambao ulikuwa ukatwe hata hivyo, kwa sababu hakutaka kuua mti kwa ajili ya kasha. Alipima fidla yako na upinde wake kwa mkono wake, dhiraa moja na shubiri moja na nusu, akaongeza unene wa kidole. Tulilibandua gome, tukalilowesha, tukalikunja, tukalibana kwa mawe. Mimi nilitoboa, yeye akashona. Mwisho mmoja tukauziba, mwingine tukauvisha kifuniko. Ndani akaweka pamba kutoka Igunga na juu ya pamba akashonea kanga yake ya harusi, akaikata bila kusita. Nikamwambia, "Bibi, kanga yako." Akasema, "Nivae niende wapi?"

Akanieleza kwamba babu yake alikuwa mpagazi, akibeba mizigo ya watu kati ya Ujiji na hapa Tabora, na nguo zake mwenyewe alizibeba kwenye kilindo kama hiki. Alisema mzee huyo alikuwa na ubishi mmoja uliowafanya wenye misafara wamchukie. Alikuwa hanyanyui mzigo ambao hajaufungua akauona kwa macho. Walimwita mkaidi, wakamwacha mwisho wa mstari, na bado alifungua. "Utabebaje miezi mitatu kitu usichokijua?" ndivyo alivyosema, na ndivyo bibi alivyonirudishia nikiwa nashikilia gome.

Nta alinifundisha hivi: uichemshe mara tatu, kila mara uichuje na kuiosha, mpaka isinuke asali hata kidogo. Kisha ndipo upake kilindo kisipitishe maji wala vumbi. Mara ya kwanza tulifanya pamoja na ilikuwa sawa. Lakini nta huchakaa. Bibi alipokuwa amekwisha kufa, mwaka jana kabla ya mitihani, uliniambia nikipake upya kwa sababu ya harusi ya Goweko. Nilikuwa na daftari la kemia mkononi. Nilichemsha mara moja. Nilijua ni mara tatu, nikachemsha mara moja, nikapaka, nikarudi kwenye daftari. Kilindo kilinukia vizuri, na hapo ndipo ningejua. Hilo ni langu, na sijawahi kulikana.

Sasa Goweko.

Nilikibeba mimi mpaka kule. Ulinipa nikibebe kwa sababu ulisema fidla inamjua mwenye mikono mitulivu, na siku hiyo nilikuwa na fahari mpaka nikaogopa kuangalia watu. Ulikuwa umeahidi kwamba baada ya wewe kupiga nyimbo mbili ungenipa nami nipige moja, mara yangu ya kwanza mbele ya watu. Tulipofika uwanja umejaa, watoto wanakimbia, mchwa wako kila mahali chini. Ukanipokea kilindo. Ukatafuta pa kukiweka. Ukafunga kamba yake kwenye tawi la ule mti uliokuwa nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, ukakitundika.

Nilikuona. Hakuna mtu mwingine aliyekuona, ni mimi tu.

Mama yako aliyasema maneno hayo mara ngapi, baba? Alikuwa akiyasema kila ulipotoka na fidla, mpaka ukawa unayamalizia wewe huku unafunga viatu. "Kilindo hakitundikwi mtini. Kinachotundikwa mtini ni mzinga." Gome lile lile, umbo lile lile, nta ile ile. Nyuki hasomi. Akikuta gome la duara limening'inia, mdomo wazi, mwezi wa Septemba miti imechanua na makundi yanatafuta nyumba, ataingia. Wewe ni mtoto wa watu waliotundika mizinga. Hukuwa mgeni wa jambo hilo.

Na mdomo ulikuwa wazi. Hapa ndipo kosa langu la pili. Ulipotoa upinde uupake ulimbo, kifuniko hukukirudisha vizuri, kilikaa upande. Nilikiona kutoka upande wa wanawake. Ili nifike pale mtini ilibidi nipite mbele ya viti vya wanaume wote, wazee wa usharika, vijana, bwana harusi mwenyewe. Nilisimama. Nikapiga hatua tatu. Kijana mmoja akanitazama, nikarudi kukaa. Nikajiambia, baba atakifunga. Niliacha fidla wazi kwa sababu niliona haya kutembea hatua ishirini. Usiku mwingi nimezitembea zile hatua kichwani, na kila mara nafika.

Zamu yako ilipofika, ulikwenda kuitoa fidla na nyuki walikuwa wamekwisha kuingia. Hawakuwa wengi. Donge kama ngumi mbili, wamejishika kwenye kanga ya bibi, wametulia kama watu waliofika nyumbani. Mzee mmoja wa pale alikwambia uwaache, jioni ukigonga gome taratibu watahama wenyewe. Nilimsikia kwa masikio yangu. Lakini mshereheshaji alikuwa ameshakuita jina kwenye kipaza sauti mara mbili na watu walikuwa wanageuza shingo. Ukachomoa kinga cha moto jikoni kwa wapishi, ukakipeleka kwenye mdomo wa kilindo.

Kanga ikashika moto. Pamba ikafuata. Ukamwaga maji. Ulipoivuta fidla nje, gundi ilikuwa imeachia shingoni, na kifua chake kilikuwa kimepasuka kuanzia juu mpaka kwenye tundu la sauti. Nyuki wakatawanyika uwanjani, wapishi wakakimbia, mama mzaa bibi harusi akang'atwa juu ya jicho.

Mshereheshaji akauliza kwenye kipaza sauti, "Fundi, vipi tena?" Watu wote walikuwa wanakutazama, umeshika fidla iliyolegea kama kuku aliyechinjwa. Ungesema neno lolote. Ukanyoosha mkono ukanionyesha mimi.

"Muulizeni mayu wangu yule," ukasema. "Kapaka kasha asali. Alitaka muziki na asali kwa pamoja."

Kicheko kile, baba. Hata aliyeng'atwa alicheka.

Kosa langu la tatu ndilo hilo: nilinyamaza. Niliinamisha kichwa. Nilinyamaza pale, nikanyamaza kwenye gari la kurudi, nikanyamaza nyumbani. Mama alipojua, kwa sababu nilimwambia yeye peke yake, alisema, "Usimwaibishe baba yako, mwanangu. Mwanaume akiaibika mbele ya watu hasahau." Nikamwuliza, na mwanamke? Alinipa mchele nichague.

Nimefikiri sana kwa nini ulinionyesha mimi. Wapishi walikuwepo, ungesema moto ulikuwa wao. Mti ulikuwepo. Ungeweza hata kucheka mwenyewe ukasema nyuki wa Goweko wanapenda kwaya. Ulinichagua mimi kwa sababu ulijua mimi sitajibu. Ulinijua tangu mdogo: mtoto anayejificha nyuma ya mlango wageni wakija, mtoto ambaye mwalimu alimwita ubaoni akapoteza sauti. Aibu yangu ulikuwa ukiilinda. Siku ile uliitumia. Hilo ndilo linalonifanya nikunje ngumi ninapoandika. Kupasuka kwa fidla nimesamehe. Wewe ni seremala, uliigundisha upya, na ingawa sauti yake sasa ina mafua kidogo kwenye uzi wa chini, bado ni fidla aliyokuachia babu, bado inaimba. Lakini ulipomaliza kuigundisha uliiweka juu ya kabati ukasema nisiiguse tena. Na kesho yake asubuhi ukapita mlangoni kwangu bila kuniamkia.

Tangu siku hiyo hujaniamkia. Nadhani unaogopa kuniita mama halafu nikawa mama kweli.

Sasa nikwambie kilichonifanya niketi leo niandike, maana bila hiki ningenyamaza mpaka ukapanda treni.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwa mwalimu wa kwaya. Nilikwenda peke yangu, kwa miguu yangu. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya sentensi moja njia nzima. Nikamwamkia, nikamwambia kwamba baba anaondoka na mimi naziweza nyimbo zote, naomba nikae kwenye kiti chake na kupiga ile fidla ya kanisa iliyofungiwa stoo. Hukunituma, sikukwambia. Alinisikiliza vizuri. Kisha akacheka, hakucheka kwa ubaya, akasema, "Binti yangu, fidla ya kanisa siyo mzinga." Akasema yeye hana tatizo na mimi, ila wazee hawatakubali, kila mtu anajua yaliyotokea Goweko, na kama baba yangu mwenyewe amenizuia kugusa yake, yeye anipeje ya Mungu?

Nikarudi kwako. Ulikuwa karakana, unapiga randa. Nikakwambia maneno yake yote. Nikakuomba, kwa sauti ndogo, nakiri ilikuwa ndogo, useme kwao jinsi ilivyokuwa. Randa haikusimama. Ukasema, "Tutaongea nikirudi."

Ukirudi lini? Mkataba wako ni wa miaka miwili. Miaka miwili ile fidla itakaa stoo, nyuzi zitalegea, na mimi nitakaa benchi la nyuma na vidole vyangu chini ya kitenge, nikipiga nyimbo zote juu ya goti. Wewe ndiye uliyevifundisha vidole hivi. Nilikuwa na miaka tisa, ukanikalisha kwenye kigoda barazani, bibi amepakata kilindo chake cha nguo anasikiliza, ukaniambia nisiikabe shingo, niishike kama ninavyomshika kifaranga. Niliposhika sauti ya kwanza safi, bibi alipiga kigelegele peke yake, nawe ukageuka ukafuta macho kwa kiwiko ukidhani sikuoni. Mtu aliyefuta macho siku ile ndiye anayesema "tutaongea nikirudi"? Siwaelewi ninyi wawili.

Unakwenda Kigoma kupiga fidla mbele ya watu kila wiki. Nafurahi. Nasema kweli, nafurahi, na nitakuwa na fahari kumwambia mtu yeyote. Lakini unaondoka na muziki wako mzima kwa sababu mimi nilikubali kubaki na wangu uliopasuka. Mzigo huo nimekubebea miezi mitano. Sikuufunga mimi. Kesho uende nao mwenyewe, au uushushe.

Kesho saa mbili asubuhi kwaya itafika hapa nyumbani kukuombea na kukusindikiza stesheni. Mwalimu atakuwepo, wazee watakuwepo. Wataomba uwapigie wimbo mmoja wa kuagana. Sitasema kitu mbele yao. Ulimi huo sina, na sitaki kukufanyia ulichonifanyia. Nataka useme wewe. Hayahitaji kuwa maneno mengi. Kilindo nilikitundika mimi, moto niliwasha mimi. Kisha umwambie mwalimu kwamba mikono yangu unaijua. Hata ukitaja nta yangu, itaje, ni kweli. Watacheka kidogo, watakusamehe kabla ya chai kupoa. Wewe watu hukusamehe upesi. Umewahi kujaribu?

Najua utaratibu wako. Unaamka kabla ya wote, unanawa uso, hunywi hata maji mpaka uiweke fidla sawa. Kwa hiyo kesho alfajiri utafungua zipu ya kasha jeusi, na ndani yake utakuta karatasi hizi. Fidla hutaikuta.

Usiogope, sijaificha. Nimeirudisha ilikokuwa ikilala. Kilindo kimekauka, nimekishonea kanga nyingine ndani, iliyobaki kwenye sanduku la bibi, na nimekilaza juu ya kitanda chake. Nta sijapaka. Nitapaka nikiwa na nafasi ya kuchemsha mara tatu. Fidla imo humo na upinde wake, kifuniko kimekaa sawa, nimekijaribu mara mbili. Ichukue. Ukitaka kusafiri nayo kwenye kasha la dukani, safiri, ni jepesi na lina mkanda. Kilindo kitabaki na mimi, na kama utasema, kitapata fidla nyingine ya kubeba Jumapili ijayo.

Na kama kesho kwa mara ya kwanza maishani mwako utavunja utaratibu, ukanyanyua kasha bila kulifungua, ukapanda nalo treni, basi utafika Ujiji alikofika babu wa mama yako, ukiwa umebeba mzigo ambao hukuuona, na watu wa kikundi watakusanyika kukusikiliza, nawe utafungua zipu uwasomee barua.

Mlango wa chumba cha bibi sijaufunga. Mimi nimelala humo, kwenye mkeka, kando ya kitanda. Ukija kuichukua utanikuta macho. Sitakuuliza kitu. Simama tu hapo mlangoni uniamkie, nami nitajua umeamua.

Nitakuitikia.

Mama yako,
Nyamizi